Nilisema Daktari Amekataa Figo Yangu

Nimekosa, na kosa lenyewe bado linaendelea. Naandika hapa kwa sababu kwetu Lukozi hakuna ninayeweza kumwambia.

Mdogo wangu wa kiume figo zake zimekufa. Ana homa ya ini pia, ile B. Kila wiki anateremka Mombo, anapanda basi la Tanga kwenda kusafishwa damu, na akirudi hata jembe halishiki. Kwa mama tumezaliwa wawili tu.

Tulipimwa Dar, nikalingana naye. Daktari akaniita peke yangu.

"Homa ya ini haizuii," akasema. "Virusi vyake tumevituliza kwa dawa, na wewe hutaambukizwa kwa kumpa figo. Ila ukisita niambie. Hulazimishwi."

Niliogopa jamani! Niliogopa kisu. Niliogopa kubaki na figo moja huku nalima kabeji kwenye miteremko hii. Lakini badala ya kusema naogopa, nilifika nyumbani nikamwambia mama:

"Daktari amekataa. Mwenye homa ya ini hawekewi figo ya mtu."

Uongo gani ule! Binamu zetu waliokuwa tayari kupimwa wakaacha. Mama akamtengea mwanawe kikombe na sahani. Nilijua vyombo haviambukizi, daktari alishanieleza. Nikanyamaza!

Mwezi uliopita mdogo wangu alitoka kliniki akanifuata shambani.

"Dada, daktari ameniuliza kama umeshaamua."

Nikainama, nikaendelea kupalilia kabeji.

"Nimemwambia bado," akasema.

Nikaangua kilio. "Chukua figo yangu! Na mama nitamwambia leo hii."

"Sitaki figo ya mtu anayeogopa. Na mama usimwambie. Mimi nikifa, atabaki na nani, na wewe ameshakuchukia?"

Tukarudi nyumbani. Mama akamuuliza habari za hospitali.

"Ni yale yale, mama," akajibu, bila kunitazama.

Sasa nimenaswa. Nikisema, namvunja mama na kumkaidi mgonjwa. Nikikaa kimya, binamu hawapimwi, naye anaisha huku namwona. Kila asubuhi nampa mama shikamoo, anaitikia marahaba kwa upendo, nami nashika jembe natoka upesi!

Wewe unayesoma, ukiogopa sema naogopa. Watakulaumu, lakini watamtafuta mwingine. Mimi nilimfungia ndugu yangu njia zote, na leo anayenifichia siri ni yeye.