Tulihamisha kaburi la baba, kumbe ni ramani yao iliyokosea

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Haya yametokea kwetu, na mama yangu yuko hai, anaweza kuulizwa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Makutano, Meru. Kwetu ni Embu, ile side ya chini yenye joto. Baba alizikwa huko nyuma ya nyumba, mahali alipochagua mwenyewe kabla aage.

Mwaka jana kampuni fulani ikaja kupima njia ya bomba la maji. Injinia wao alitembea na simu mkononi akipiga vigingi. Kimoja akakipiga juu ya kaburi.

Mama akamuuliza, "Mwanangu, haiwezi kupita kando kidogo?"

"Mama, line imetoka kwa ramani. Siwezi kuibadilisha."

Na maji tulikuwa tunayataka. Mama amebeba mitungi mgongoni tangu aolewe. Akakubali.

Ruhusa ya korti ikatafutwa, pastor akaja, ndugu zangu wakachimba. Nilikuwepo. Jeneza lilikuwa limeoza upande mmoja. Mama akavua leso akafunika hapo ili tusione.

Hiyo part naiachia hapo.

Tukamzika baba upya, karibu na barabara.

Halafu tingatinga likaja kuchimba mtaro. Wapi? Chini bondeni, kwa shamba la jirani! Karibu mita mia tatu kusini ya kwetu.

Nikafunga safari. Nikamkuta injinia kwa mtaro, nikamuuliza kulikoni. Akacheka.

"Madam, ilikuwa small shift tu. Tulisharekebisha."

Small shift!

Wacha niwaeleze kidogo. Dunia ni ya mviringo, karatasi ni flat. Kuilaza dunia kwa karatasi unahitaji formula ya kugeuza digrii kuwa mita. Lakini kabla ya formula lazima useme dunia yako ina umbo gani, maana si duara kamili, imebonyea juu na chini, na pia useme katikati yake umeiweka wapi.

Ramani za zamani za Kenya zilitumia umbo moja. GPS ya simu inatumia lingine. Kwa macho, namba za kuonyesha mahali zinafanana tu. Ila ukichukua namba za ramani ya zamani uziweke kwa simu bila kuzigeuza, huku kwetu kila kitu kinasonga kaskazini karibu mita mia tatu.

Hii si siri, wakuu. Anayesomea upimaji hufundishwa mapema. Unachagua setting sahihi, halafu unahakikisha na jengo ambalo liko pale na kila mtu analiona.

Nikamwambia afungue laptop aweke zile points zao za kwanza, zilizotoka kwa ramani ya zamani, juu ya picha ya satellite. Alama ya kanisa letu, ambalo pia liko kwa ramani hiyo, ikaangukia katikati ya mahindi ya mtu.

"Uliangalia hii kabla ya kuja kwa mama yangu?"

"Hatukucheck, madam."

Hivyo tu. Hawakucheck.

Jioni bosi wake akampigia mama. Akaomba msamaha, akasema wako tayari kumrudisha mzee pale alipokuwa, kazi yote wataifanya wao.

Mama akamwambia, "Mtu hazikwi mara tatu." Akakata simu.

Maji yamefika. Mama anateka na hasemi kitu. Mimi ndiye siwezi kunyamaza.

Nilichojifunza: mtu akija na simu akakuambia uhamishe kitu, muulize namba zake zimetoka kwa ramani gani na amezijaribu na jengo gani. Akianza kucheka, usiguse hata jiwe.

Surveyors mlio humu, nijibuni: hii kazi hukaguliwa na nani kabla vigingi vipigwe? Na kama kuna familia nyingine iliyofanyiwa hivi, andikeni hapa. Nitasoma kila comment.