Barua ya Jirani Kwenye Gunia la Mbali

Usiku ule nililala mapema, tena kwa raha, kama mtu aliyemaliza kazi yake sawasawa. Ndilo linalonitia haya mpaka leo. Mkoba wangu niliuegemeza mlangoni, na ndani yake mlikuwa na barua ya kurasa mbili ya kumwomba mganga mfawidhi wetu akikate kituo cha afya cha ng'ambo ya reli kutoka kwenye mtandao wa hospitali, na amwondoe kazini Bi Rehema.

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta na mitandao ya hospitali, hapa Tabora. Kituo kile ni kama mtoto wetu. Hakina maabara ya maana, hivyo damu ya wagonjwa wao inaletwa kwetu kwa pikipiki, tunaipima, na majibu yanarudi kwa mtandao kupitia kisahani kilichofungwa juu ya paa lao, kikitazamana na cha kwetu. Anayeyapokea ni Bi Rehema. Hakusomea kompyuta. Alikuwa karani wa kuandikisha wagonjwa, akajifunza mwenyewe kwa kuulizauliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimcheka kwa maswali yake.

Kwa siku tatu seva yetu ya majina ilikuwa inahema. Hiyo ni kompyuta yenye kazi moja tu kutwa kucha, kujibu jina fulani anwani yake ni ipi. Ukiandika jina la tovuti, yenyewe inakupa namba za mahali ilipo, ndipo mashine yako inajua pa kwenda. Nilipofungua kumbukumbu zake nilikuta maswali yanamiminika kama mvua ya masika, na kila swali lina anwani ya mwulizaji ile ile, ya kituo cha ng'ambo ya reli. Bi Rehema alikuwa amenipigia simu mara mbili kuniambia kwao mtandao umekufa, majibu hayafunguki, na kuna mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ambaye hawajui hata kundi lake. Nilimjibu azime mashine zake kwanza, aache kutupiga kwa maswali.

"Kaka," alisema, "sisi hatujampiga mtu."

Sikumwamini. Anwani yake si hiyo imeandikwa? Jina la mtu likishaandikwa kuna ubishi gani tena? Barua yangu kwa mganga mfawidhi niliianza kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako, na nikaandika kwamba chanzo kimethibitika. Niliisoma mara mbili kwa jinsi nilivyoipenda, nikazima taa.

Nikajikuta posta. Nilikuwa katika kile chumba cha nyuma cha kuchambulia barua, alikofanya kazi Shangazi Mwajuma mpaka akastaafu. Ndiye aliyenilea. Alifariki miaka sita iliyopita, na mimi ni mmoja wa walioshuka kaburini kumlaza, lakini ndotoni hilo halikunijia hata kidogo. Ukuta mzima ulikuwa wa visanduku vya mbao, kila kimoja na mji wake, na harufu ya gundi na wino wa muhuri ilikuwa ile ile ya siku nilizokuwa nikimngojea pale baada ya shule. Shangazi alikuwa amevaa sweta lake la kijani, maana kwake joto na baridi vilikuwa sawa, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hakunisalimia. Alikuwa amesimama tu, ananitazama nikifanya kazi.

Kwa maana niko dirishani na ninafanya kazi. Barua zinaingia kwa mkupuo kutoka kwenye magunia yaliyorundikwa chini, na kila barua ina mstari mmoja tu, fulani anakaa wapi? Nami najibu. Jibu langu si mstari mmoja, ni gunia zima. Nalijaza majina ya mitaa, ya majirani, ya mabinamu wa majirani, nalifunga kamba, nageuza bahasha nione nyuma nani ameuliza, nalirusha kwake. Nyuma ya kila bahasha pameandikwa Bi Rehema, ng'ambo ya reli. Sijiulizi mtu mmoja anataka nini na watu wote hao. Naona fahari tu jinsi mikono yangu ilivyo myepesi, na natamani Shangazi anisifu.

Anasogea. Anachukua bahasha moja mkononi mwangu, na haisomi mbele wala nyuma. Anatazama chini, kwenye gunia la treni ilikotoka.

"Jirani anakaa ng'ambo ya reli," anasema. "Barua yake imeshukaje kwenye treni?"

Nilikumbuka, humo humo ndotoni, jambo la kweli lililotokea nikiwa darasa la tano. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alikaribia kufukuzwa mtaa kwa sababu ya barua za matusi zilizokuwa zikiwafikia watu na jina lake limeandikwa nyuma. Wanaume walikwishakwenda kumgongea mlango. Shangazi aliwafuata na sweta lake, akawaambia kwamba barua zile amezitoa kwa mkono wake kwenye gunia lililoshushwa na treni, na mwalimu hajatoka Tabora tangu mfungo uanze. Nyuma ya bahasha, aliwaambia, kila mtu anaandika apendavyo. Gunia ndilo la kuulizwa. Watu walirudi makwao, na mwalimu akaendelea kutufundisha hesabu na kutuchapa kama kawaida.

Basi nainama nisome kibandiko cha gunia. Mji ulioandikwa siujui. Nashika la pili, nalo ni la huko huko, na la tatu, na yote yaliyorundikwa mpaka dirishani. Gunia la ng'ambo ya reli liko pembeni peke yake, dogo, ndani yake mna bahasha mbili tatu, na sijawahi hata kulitazama. Nataka kumweleza Shangazi kwamba nilikuwa na haraka.

Visanduku havipo tena. Tuko ndani ya kituo, na dari imetoboka pale kisahani kilipofungwa. Magunia yangu yanaingia kwa hapo, moja juu ya jingine, yanapasuka yakifika chini. Bi Rehema amekaa mezani pake na karatasi zimemfika kiunoni. Halalamiki. Anaokota moja, anaisoma, anaiweka kando, anaokota nyingine. Kwenye benchi kuna mama mjamzito ameshika tumbo kwa mikono miwili, anamtazama Rehema vile tunavyomtazama mtu anayetafuta ufunguo wa mlango tuliosimama nje yake. Najua Rehema anatafuta nini. Ni kikaratasi kimoja, cha damu ya yule mama, nami nimekifukia.

Ninamwambia Rehema aache, basi, aache kuuliza maswali. Sauti yangu inatoka ndogo, ya kitoto. Shangazi ananyoosha mkono ndani ya lile rundo, anatoa karatasi moja, ananipa.

"Mwandiko wa nani huu?"

Ni wangu. Naokota nyingine, ni wangu. Naipekua sakafu yote kwa magoti na hakuna hata swali moja la Rehema mle, ni majibu yangu tupu, majibu ya mtu ambaye hakuuliza kitu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Nilipokuwa mdogo Shangazi alikuwa na neno lake kila nilipomsemea mtoto wa jirani, nyani haoni kundule. Safari hii hakulitamka, ila alibana midomo vile alivyokuwa akiibana akizuia kicheko, nikajua analo pale pale kwenye ncha ya ulimi. Hilo lilinifanya nilie, kwa sababu ni hapo tu nilipokumbuka kwamba amekufa.

Sasa tunatembea juu ya reli, yeye mbele, mimi nimeshikwa mkono. Njia hii naijua. Shangazi alipokosea kazini, akaitia barua kisanduku kisicho chake ikaenda nyumba ya watu wengine, hakumtuma tarishi akairudishe. Alikuwa anavua aproni, ananishika mkono, tunakwenda kwa miguu mpaka nyumba ile. Anabisha hodi, anaomba radhi, anaichukua, tunaipeleka kwa mwenyewe, anaomba radhi tena. Mimi nilikuwa nachoka na kununa. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiwaache watu wapeane wenyewe, akaniambia niongeze mwendo.

Watu husema marehemu akikuita ndotoni usimfuate. Nililikumbuka hilo tulipofika katikati ya reli, nikasimama. Naye akasimama, kana kwamba amenisikia ninavyowaza. Nikamwuliza kama huko aliko anapumzika. Alirekebisha miwani yake kwa kidole, akatazama nyuma yangu, upande wa hospitali.

"Mlango wako wa nje uko wazi," alisema. "Kaufunge."

Kisha aliuachia mkono wangu. Hakuniita. Alinigeuza kwa mabega, akanisukuma kidogo mgongoni kama alivyokuwa akinisukuma asubuhi za shule, na nikamsikia nyuma yangu.

"Na jibu ulilolipeleka kombo, lifuate kwa miguu."

Niliamka mdomo umekauka na mto umelowa. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizikia. Mke wangu aliniambia nilikuwa nikiomba radhi usingizini, akataka kujua nimemkosea nani, nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalokwenda kulitazama.

Hospitali ilikuwa kimya. Niliwasha mashine, na kwa mara ya kwanza tangu balaa ile ianze sikuangalia aliyeandikwa nyuma ya bahasha. Niliangalia gunia. Ruta yetu, ile mashine inayopitisha mawasiliano yote ya hospitali, ina milango miwili, mmoja unaotazama kisahani cha ng'ambo ya reli, na mmoja unaotazama dunia nzima. Maswali yale yote, yale maelfu yenye anwani ya Rehema, yalikuwa yameingia kwa mlango wa dunia. Kwa mlango wa kituo yaliingia machache tu, ya mtu anayejaribu kufungua kitu, anashindwa, anajaribu tena.

Nilikaa nikashika kichwa. Mtu fulani huko nje, simjui na labda sitamjua, alikuwa anatuma maswali akijiandikia anwani ya kituo. Ruta yangu ingepaswa kumkatalia pale pale mlangoni, kwani mtu wa nyumbani huwaje anabisha hodi kutokea ng'ambo ya dunia? Sikuwahi kuiamuru hivyo. Seva yangu nayo ilipaswa kuwajibu watu wetu tu, lakini siku niliyoiweka niliiacha imjibu yeyote apitaye ili niijaribu, nikajiambia nitaifunga kesho. Kesho ile ilikuwa na miaka miwili. Basi kwa kila swali dogo seva ilitoa jibu kubwa mara nyingi zaidi, ikalitupa kwa asiyeuliza, na kuiziba njia nyembamba ya kisahani kile, ambayo ndiyo pekee ya kupitishia majibu ya damu.

Nilifunga yote mawili. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa chai kupoa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Niliitoa barua mkobani nikasoma mstari wa kwanza, kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilikuwa ya kweli, nguo tu ndiyo ilikuwa yangu. Niligeuza ukurasa nikaandika nyuma yake, kwa mistari mitano na bila methali, nilichokosea mimi na kwamba Bi Rehema hana kosa. Nikaiacha juu ya meza ya mganga mfawidhi, aikute kabla ya kikao cha asubuhi.

Baiskeli niliyokuja nayo niliiacha pale pale hospitali. Nilivuka reli kwa miguu, jua linachomoza, na sikununa.

Bi Rehema alikuwa mezani pake. Hakukuwa na rundo lolote, palikuwa na daftari na kalamu, na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Kwenye benchi alikaa mama mjamzito. Hakuwa yule wa ndotoni, sura ilikuwa nyingine, ila mikono alikuwa ameiweka vile vile.

"Umekuja kutukata, kaka?"

Alisema bila hasira, kama anayeuliza saa.

"Waliokuwa wanapigwa ni ninyi, Bi Rehema. Na aliyekuwa anapiga ni mimi. Nisamehe."

Ningependa anigombeze, ningepona upesi. Badala yake aliigeukia kompyuta yake, akabofya, akangoja, na jibu likafunguka. Alisoma kundi la damu, akaliandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, akamwita yule mama kwa jina lake na kumpeleka mwenyewe kwa daktari, amemshika kiwiko. Aliporudi alikaa, akalifunga daftari.

"Haya, nieleze polepole," alisema, "na leo usinicheke. Siku nyingine ukiniambia ni mimi, nataka nijue cha kukujibu."

Nikavuta kiti karibu na chake, nikamwomba bahasha tupu, nikaanza kumsimulia habari za Shangazi.