Fatiha Ilikuwa Imesomwa

Siku niliporipoti kazini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1971, Bwana Wakili hakunikaribisha hata kiti. Aliniuliza, "Baiskeli ikikugonga, unamdai nani?" Nikasema mwenye baiskeli. Akacheka. "Polepole, Karani. Kwanza nionyeshe kwamba alipaswa kuwa mwangalifu kwako. Pili, kwamba alizembea. Tatu, kwamba uzembe huo ndio uliokuumiza. Kimoja kikikosekana, rudi nyumbani na kidonda chako."

Hayo matatu niliyashika miaka yote niliyokuwa karani na mkalimani wake. Nyinyi vijana mnadhani kuumia tu kunatosha. Wapi! Ukiteleza mwenyewe ukavunjika mguu, sheria haina la kukupa. Fidia, yaani malipo ya kumrudisha mtu karibu na alivyokuwa, hudaiwa kwa aliyezembea. Na kama alikuwa kazini, mwajiri wake hubeba kosa hilo.

Kesi inayoniuma hadi leo ilitoka Koboko. Mama Zaituni, Mwislamu wa kabila la Wanubi wa pale mjini, alisuka mikeka na vifuniko vya sinia vya rangi, na harusi nyingi zilipambwa kwa kazi ya mikono yake. Siku ya soko, lori la tumbaku liliegeshwa kwenye mteremko. Breki ya mkono ilikuwa mbovu tangu zamani, na tajiri mwenye lori alijua. Dereva hakuweka hata jiwe chini ya gurudumu. Lori likarudi nyuma, likaubana mkono wa kulia wa Mama Zaituni ukutani. Hospitalini waliukata.

"Hii tumeshinda kabla ya kuanza," Bwana Wakili aliniambia. Tulimdai tajiri, maana dereva alikuwa maskini wa kijiji cha Abuku, hana kitu. Mashahidi wa sokoni walikataa kuja. Tajiri alikuwa na ndugu jeshini, na miaka ile kila mtu alichunga mdomo wake. Tukabaki na maneno ya mama mwenyewe.

Hatukujua kwamba dereva alikwisha kwenda kwa Mama Zaituni na wazee na kondoo, kuomba radhi. Waliinua mikono, wakasoma Fatiha. Kwa Wanubi wale, Fatiha ikishasomwa, jambo limezikwa, na kulifukua ni kuwadharau wazee na kumkosea Mungu.

Mahakamani wakili wa tajiri alimuuliza Mama Zaituni swali moja tu: nani alimuumiza? Dereva alikuwa ameketi benchi la mbele, ameinamisha kichwa. Mama Zaituni akamtazama.

"Mutu hakuna. Mungu aliandika."

Bwana Wakili akasimama. "Mama, na ile breki?"

"Baba, Fatiha ilisomwa kwisha. Nitafungua maneno ya breki tena namna gani?"

Nilitafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, kama kiapo changu kilivyotaka. Mheshimiwa Hakimu akasema uzembe haukuthibitishwa, akalitupa dai.

Nje, Bwana Wakili alimuuliza mama, kwa upole, kwa nini basi alikuja. "Ulisema tunadai tajiri," alijibu. "Sikujua kufika kwake iko lazima nipite juu ya huyu dereva."

Mwaka 1979 vita vilipotufikia, tulikimbilia Kongo, na huko nikamkuta Mama Zaituni. Jioni sinia la ugali liliwekwa chini, watu wakazunguka. Yeye alichukua chake kwenye jani, akaenda kukaa pembeni, ametugeuzia mgongo, akala kwa mkono wa kushoto. Dini ilimruhusu, aibu ndiyo iliyokataa. Katika dai letu tuliandika maumivu, kovu na kazi iliyopotea. Hilo la sinia hatukuliandika, maana hakuna aliyemuuliza.

"Mama, njoo tule pamoja," nilimwita.

"Kula tu, Karani," alisema bila kugeuka. "Mimi nilizoea."