Mlio kwenye Kikanyagio

Nimekaa chumba kimoja na Mama Pindo miaka kumi na nane, na mke wangu hana wivu, maana anajua chumba chenyewe ni cha kazi na kinanuka gundi. Upande wa dirishani ni wake: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na kioo cha wateja chenye ufa. Upande wa mlangoni ni wangu: stuli, nyundo, na rundo la viatu vya watu waliosahau kuvifuata. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Ukimpelekea gauni, hata liwe zuri vipi, atalipindua kwanza atazame pindo, kisha amtukane fundi aliyelishona.

Miaka minne iliyopita, akiwa na hamsini na nane, alikutwa na sukari. Sijaona mtu aliyeshika masharti kama yule, na nitasema ukweli, alinichosha. Chai bila sukari. Soda akaiaga. Chakula akawa anapakua kwenye kisahani cha mjukuu wake ili kionekane kimejaa. Kila asubuhi alishuka basi vituo viwili kabla, akatembea, akafika hapa na jasho na hasira. Akijipima, alijitoboa kidole pembeni na kukifunga vizuri, damu isije ikachafua kitambaa cha mtu. Mimi nilikuwa nakula keki yangu nimempa mgongo, kama mwizi.

Sababu alikuwa nayo. Kaka yake mkubwa aliupuuza ugonjwa huohuo mpaka akakatwa mguu chini ya goti, na Mama Pindo ndiye aliyemsukuma kwenye kiti miaka miwili, hadi alipomzika.

"Mimi nikikatwa mguu, kaka, cherehani nitaikanyaga na nini?" aliniuliza siku moja.

"Na ulimi. Una nguvu za kutosha."

Alicheka, lakini aliniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nisirudie utani huo.

Jambo moja tu lilimshinda. Kliniki walimwambia asitembee peku hata ndani, na akague nyayo zake kila siku. Aliitikia vizuri sana. Akifika hapa, viatu anasukumia chini ya meza, na miguu mitupu anaiweka juu ya chuma cha kikanyagio.

"Fundi anaijua mashine kwa unyayo," alisema. "Mkanda ukilegea, uzi ukitaka kukatika, mguu unajua kabla ya jicho. Nikivaa viatu nitashona kama mwanafunzi."

Nilirudi kwenye nyundo yangu. Ufundi wa mtu hauingiliwi.

Sasa nieleze kosa langu. Misumari ya viatu ni midogo, na ukiigonga vibaya inaruka. Tangu tulipoanza kukaa pamoja tulikubaliana kwamba kila jioni, kabla hatujafunga, mimi napitisha sumaku sakafu nzima. Nimeifanya kazi hiyo miaka yote. Jumatatu moja nilichoka. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na haraka, nilichoka tu kuinama. Niliitazama sumaku pale inaponing'inia, nikazima taa.

Kesho yake shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Mama Pindo alikuwa na sketi za wanafunzi mpaka kwenye dari. Alianza kukanyaga asubuhi. Kama saa nne hivi nikasikia kitu kinagonga. Tik. Tik. Tik. Kila mara kikanyagio kikishuka.

"Mashine yako inalalamika," nikamwambia.

"Naisikia. Imekauka."

Akasimama, akachukua kopo la mafuta, akapaka kila kiungo, akafuta. Akakaa tena. Tik. Tik. Akakaza mkanda. Tik. Akaitukana mashine na aliyeiunda. Mchana nikachoka na mlio ule, nikachukua bisibisi, nikapiga magoti nikague skrubu za kikanyagio.

Skrubu zilikuwa zimekaza. Chuma kilikuwa na doa la damu iliyoanza kukauka, na kwenye kisigino cha kushoto cha Mama Pindo kulikuwa na msumari wangu, umezama mpaka kichwani. Kichwa ndicho kilichokuwa kikigonga chuma.

"Dada, acha kukanyaga."

"Umeona nini?"

Alijipindua mwenyewe akaona. Kwanza alicheka, kicheko kifupi, kisha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa amekanyaga msumari ule tangu saa nne.

Kliniki waliutoa, wakasafisha, wakampa dawa, wakamkataza kuukanyagia mguu ule. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Wiki saba hizo cherehani ilifunikwa shuka, nami nilipitisha sumaku asubuhi, mchana na jioni, kama mwendawazimu. Sikuwa na amani. Kila mara binti yake alipopita kuniambia hali, nilitazama mdomo wake kabla ya kusalimu.

Mikono yangu ikiwa haina kazi nilimtengenezea viatu. Ngozi laini, vidole vina nafasi, ndani hakuna mshono wa kuchubua, soli nyembamba kadiri nilivyoweza kuthubutu. Alivyorudi nilivipanga mbele ya kikanyagio. Alivivaa shingo upande, akashona pindo moja. Lilienda mrama. Akalifumua, akashona tena, likaenda mrama tena. Akavivua, akavitupa upande wangu.

"Nimeacha chai yangu, nimeacha soda, natembea kama mtu anayefukuzwa," akasema. "Nimechoka, kaka. Kila siku kuna kitu cha kuacha. Mguu wangu huu mniachie."

"Mguu wenyewe haukujua una msumari!"

"Ngozi ya kisigino ni ngumu. Hata chako."

Nami nina hasira zangu. Nikamwambia sawa, tuupime. Nesi wa kliniki alikuwa amemgusa nyayo kwa kijiuzi kigumu cha nailoni kuona kama anasikia, na nailoni ninayo roli nzima. Nikakata kipande. Akakaa kwenye meza ya kukatia, akajifunga macho kwa kitambaa cha sketi, akaninyooshea mguu wa kushoto. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Nikagusa kidole gumba. "Hapa?"

"Nasikia."

Nikagusa katikati. "Hapa?"

"Nasikia."

Alijibu haraka mno, mara tu nilipofunga mdomo. Nikauweka uzi mezani. Mikono yangu nikaiweka kwenye magoti yangu.

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, kaka. Mguu wangu si gogo."

Nilipoacha kuuliza, alikivuta kitambaa, akauona uzi mezani, akaiona mikono yangu ilipo. Nilitamani nisingeanza mchezo ule. Alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunja tena.

"Husikii tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi." Alisema polepole. "Mashine nilikuwa naifuata kwa masikio. Nilidhani nikiendelea kuweka mguu mtupu pale, siku moja utarudi."

Niliinuka nikaviokota viatu, nikapiga magoti, nikamvisha. Vilimkaa vizuri, hilo tu ndilo jambo ninaloliweza. Alilifumua lile pindo kwa mara ya pili, akashona taratibu. Likatoka si zuri, si baya. Alilitazama kama anavyotazama kazi za mafundi wengine, lakini hakulitukana.

Tangu siku hiyo, kila jioni napitisha sumaku, kisha navaa miwani. Yeye hawezi tena kujikunja akaona nyayo zake vizuri, na nyumbani hataki binti yake amwone hivyo. Kwa hiyo anaviweka viatu pembeni, analaza mguu kwenye goti langu, pale ninapoweka kiatu cha mteja, nami natafuta mchubuko, wekundu, chochote. Haniulizi nimeona nini. Anauliza kama nimepitisha sumaku chini ya meza.

Siku nyingine wote wawili hatutaki. Jana mgongo ulikuwa unaniuma, akaniona ninavyojivuta.

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Na mimi," akasema, akanipa mguu wa pili.