Mahali pa Kutundika Picha ya Abdi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya Sultan Hamud, niliharibu karatasi sita za picha. Fundi mkuu aliniingiza chumba cha giza, chenye taa nyekundu isiyoharibu karatasi za picha, akanionyesha jinsi ya kuosha picha. Kila sura ilipojitokeza ndani ya dawa na kuonekana imekolea, niliitoa haraka. Tulipotoka nje, watu wote pichani walikuwa wamepauka kama waliopakwa unga.

"Taa nyekundu inakudanganya," fundi mkuu akasema bila kupandisha sauti. "Humo ndani picha huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Hesabu sekunde, Musyoka. Macho utayatumia huku nje."

Nilikaa naye miaka minne. Alinifundisha kwamba picha ikiwa bado na maji huonekana nyepesi, ikikauka inakolea. Kwamba chini ya balbu ya manjano weusi wake huelekea kahawia, na chini ya zile taa ndefu nyeupe hukaribia bluu. Karatasi ni ileile. Yeye alikagua kila picha mlangoni, kwenye kivuli. Nilidhani hapo ndipo elimu ilipoishia.

Kisha nikahamishiwa tawi la Mwingi, chini ya meneja aliyetaka nyeupe iwe nyeupe na nyeusi iwe nyeusi. Mteja wetu mmoja, Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, alikufa katika ajali ya lori. Tulikuwa na negativu yake moja tu, ile filamu ya kutolea picha, amevaa kofia. Mkewe, Mama Halima, akaomba picha kubwa ya ukutani. Nikaitoa, nikaikagua mlangoni, meneja akaisifu.

Baada ya siku mbili mama akairudisha.

"Huyu si Abdi. Huyu hana macho."

Meneja akaipeleka mlangoni. "Mama, si macho haya hapa?"

"Hapa yapo. Kwangu hayapo."

Meneja akacheka kidogo. Mimi nilimwona mama ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nikaomba ruhusa nimsindikize. Sebule yake ilikuwa na dirisha moja dogo, na kuta za kijani kilichokolea. Nikaiinua picha mahali pake. Ni kweli, chini ya ile kofia palikuwa na weusi mtupu.

Nikarudi chumba cha giza, nikapunguza muda wa mwanga kwenye karatasi ili uso utoke mwepesi zaidi. Meneja alipoiona akakunja uso.

"Hii imepauka. Haiwezi kutoka hapa na muhuri wetu."

"Basi tusiigonge muhuri," nikasema. Sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa hivyo. Akaisukuma picha upande wangu.

Tulipoitundika sebuleni kwake, Mama Halima aliketi mkekani akaitazama. "Ndiye," akasema. Akamwita bintiye Halima, wakati huo mdogo sana, aje amwone baba.

Nilistaafu, nikarudi kwetu Kanyangi kulima ndengu. Vijana wenye kamera za simu huniuliza ni mwanga gani unaoonyesha rangi ya kweli ya picha. Sijui. Mimi nilizoea kumuuliza mteja ataitundika wapi.

Mwaka jana Halima alinipigia simu.

"Mzee, baba anafutika."

Nilishtuka. Picha isiposuuzwa vizuri kwa maji, dawa hubaki ndani ya karatasi na kuila polepole, na kosa hilo lingekuwa langu. Nikasafiri hadi Mwingi. Mama yake alishafariki, naye Halima alikuwa amejenga nyumba ya madirisha makubwa, sebule inang'aa. Abdi alionekana kama moshi kwenye ukuta mweupe.

Nikaishusha, nikachunguza kingo zake. Hazikuwa na doa wala umanjano. Picha ilikuwa nzima. Nikatembea nayo kwenye korido, hadi mahali ambapo mwanga ulifika kwa kupitia mlango mmoja tu, nikaiinua ukutani.

"Njoo usimame hapa," nikamwambia.

Halima akasimama. Akayatazama macho ya baba yake chini ya kofia.

"Usiishushe, mzee," akasema, akaenda kutafuta nyundo.