Saa Kumi na Tatu Angani

Mama alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Mgwashi, juu milimani, baada ya kuugua figo muda mrefu. Nilimpigia kaka yangu mkubwa, anayeishi Toronto. Alilia mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema neno moja tu: "Nisubirini."

Nikamuuliza ni mbali kiasi gani. Kama kilomita elfu kumi na mbili, akasema. Saa kumi na tatu angani mpaka Addis Ababa, halafu mbili na nusu hadi uwanja wa Kilimanjaro. "Kesho jioni nitakuwa Mombo, hapo chini ya milima."

Nikaenda kwa baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba atutoke.

"Shikamoo, baba. Kaka anaomba tusubiri mpaka kesho."

"Marahaba. Mwanangu, maiti haisubiri ndege. Tunazika leo, baada ya adhuhuri."

Dini ilikuwa upande wake. Nililijua hilo, na bado nilimchukia.

Mdogo wangu wa kiume aliyasikia yote. Watu walipomaliza kuchimba kaburi nyuma ya nyumba, kando ya migomba, alirukia ndani na jembe mkononi. "Hazikwi mtu humu mpaka kaka afike!"

Baba mdogo akainama amvute shati. Jembe likapanda. Nilisikia mfupa ukigongwa kabla sijaona damu. Mzee wa watu alikaa kitako juu ya udongo, kiganja kimeziba jicho, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Wanawe wawili wakaruka shimoni. Walimpiga mdogo wangu kwa mpini wa sururu, wakampiga mateke, na alipoanguka wakaendelea. Nilisahau kuwa wanawake hatusogei kaburini. Nilishuka katikati yao, nikapigwa kiwiko cha mdomo, jino likang'oka, nikalimeza pamoja na udongo.

Shehe ndiye aliyetutenganisha. "Mama yenu ameshaoshwa yuko ndani, nanyi mnachinjana juu ya kaburi lake? Fukieni hili. Chimbeni jingine."

Mama akazikwa alasiri, na wanaume wachache tu. Wengine walikuwa wameteremka na majeruhi hospitalini.

Kaka alifika siku ya tatu. Zile saa alizonitajia zilikuwa za ndege peke yake. Kuhangaikia tiketi, kulala Addis akingojea ndege nyingine, na barabara ndefu mpaka huku milimani, hayo yote hakuyahesabu. Alimkuta mdogo wetu kitandani, taya limefungwa kwa waya. Akatoka uani, akaokota panga.

"Nani kamfanya hivi?"

"Wewe," nikamwambia. "Wewe na saa zako kumi na tatu."

Alinikaba koo kwa mkono wa kushoto. Nilimtazama machoni, sikujitoa. Kisha vidole vikalegea vyenyewe, panga likaanguka, naye akaenda nyuma ya nyumba. Alikosea, akapiga magoti kwenye lile kaburi lililofukiwa tupu. Ikabidi nimshike mkono nimpeleke kwa mama.

Jicho la baba mdogo halikupona, lakini alikataa katakata kwenda polisi. "Ni damu yangu," alisema, basi.

Juma lililofuata kaka aliondoka. Waliomsindikiza hadi Mombo ni wale wale wana wa baba mdogo. Walimbebea begi, wakakaa naye stendi mpaka basi likaja.