Kilio cha Kufunika Wimbo

Miaka ile serikali ya chama kimoja ilituvua majina ya ubatizo. Jina nililopewa na padri nikiwa mchanga lilifutwa kwenye kitambulisho, nikaandikiwa la bibi yangu mzaa baba, na kwa muda mrefu kambi nzima ya wafanyakazi ikawa inaitana kwa kubahatisha. Wengi tuliamua kuitana "mama" na "baba" tu, tusije tukakosea mbele ya watu wabaya. Ndiyo maana hapa simtaji mtu kwa jina. Nimezoea kuishi bila hayo.

Tulikaa Shituru, katika nyumba za kampuni ya shaba, mlango wetu ukitazamana na mlango wa jirani. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, upande wa asidi. Moshi ukigeuka kuja kwetu, sote tulikohoa na nguo zilizoanikwa zikatoboka, nasi tukacheka, kwa sababu posho ilitoka kila mwezi na hospitali ilikuwa ya bure. Katika nyumba ile ya mbele walihamia watu watatu: mume, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mke wake, na mama mzee wa yule mke.

Mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni. Siwezi kuona pazia lililofungwa nisijiulize nyuma yake kuna nini. Na pazia la wale watu lilifungwa kila Jumapili asubuhi, wakati sisi tunakwenda Misa. Hawakuvaa beji yenye picha ya kiongozi. Siku ya kucheza ngoma za chama uwanjani, kina mama wote tulipotakiwa kukata viuno na kuimba sifa, jirani yangu, yule mke, alibaki nyumbani akasema mgongo unauma. Mgongo gani unauma kila siku ya chama? Nilitaka kujua, basi nikaanza kuwapelekea mchicha.

Mara ya tatu ya kupeleka mchicha, yule mama mzee alinikuta nimesimama dirishani.

"Weye, mama, unatafuta nini ku dirisha yetu?" akaniuliza. "Ingia tu, uone. Haiko na kitu."

Niliona haya, lakini niliingia. Haya yangu haijawahi kushinda udadisi wangu. Kweli hapakuwa na kitu: hakuna sanamu, hakuna mshumaa, hakuna hata msalaba. Nikamuuliza kama wanasali kweli.

"Tunasali. Nyinyi njo munapenda makelele. Kengele, ngoma, tena kengele. Mungu wenu iko mbali sana?"

Alikuwa na ulimi mkali, nami nilimpenda papo hapo. Tangu siku ile nilikwenda mara kwa mara kumsaidia kuchambua maharagwe, na kidogo kidogo nikajua habari zao. Kanisa lao lilikuwa dogo, watu wachache wa huku kwetu, wakulima na wavuvi na wafanyakazi wawili watatu wa kampuni. Walibatiza mtoni. Hawakusalimu bendera, hawakumwimbia mtu yeyote sifa, na hawakulia msibani. Kwao, kulia kwa sauti ni kumlalamikia Mungu mbele ya watu. Badala yake walikuwa na wimbo mmoja wa lugha ya Kisanga, wa kumshusha maiti kaburini, usioimbwa mahali pengine popote.

"Niimbie kidogo," nikamwambia.

"Minye ningali muzima," akanijibu, akaendelea na maharagwe yake.

Nyumba yao ya sala, ya matofali mabichi, ilikuwa kwenye njia ya kwenda Kambove. Serikali ilikuwa imekwisha kusema makanisa gani yanaruhusiwa, na lao halikuwemo. Jumapili moja vijana wa chama walikwenda pale na majembe na marungu, watu wakiwa ndani. Mchungaji alivunjwa mkono, akakimbilia vichaka vya upande wa Kakanda. Jirani yangu alirudi jioni na kichwa kimefungwa kitambaa, damu imekauka shingoni, akanisalimia kama kawaida na kuniuliza kama maji yamerudi bombani. Nilikasirika sana. Saa ile ile walipokuwa wakipigwa, sisi tulikuwa kanisani na ngoma zetu, na hakuna aliyetugusa. Sisi tulipoteza majina, na misalaba ya madarasani. Wao walivunjwa mifupa. Nilimuuliza mume wangu kwa nini wao na si sisi.

"Juu shiye tuko mingi," akasema. "Acha mambo ya bantu bengine, bibi. Lala."

Nililala, lakini sikuacha.

Miezi ikapita, na asubuhi moja ya kiangazi nikamwona jirani yangu akiingiza ndoo ya maji, tena ndoo nyingine, bila moshi wowote jikoni. Hapakuwa na sauti. Nikavuka. Alikuwa anamwosha mama yake, kimya, mikono yake ikienda polepole. Mama mzee alikuwa amefariki alfajiri.

Mimi nilitaka kupiga ukelele palepale, ndivyo nilivyolelewa, lakini alinishika mkono.

"Apana, mama. Tafazali."

"Lakini tusipolia, kambi itasema mumemuloga!"

Hili halikuwa neno la mzaha. Kwetu, nyumba yenye maiti isiyotoa kilio ni nyumba yenye siri. Kabla ya saa sita mtu mmoja angelisema kwenye foleni ya kantini, na vijana wa chama, waliokaa palepale kantini, wangekuja kuuliza. Wangekuta nini? Wangekuta watu wa kanisa lililofungwa wamekusanyika.

"Nilimuahidia," akasema jirani yangu. "Atashuka na wimbo wake. Bantu yetu banakuya, kutoka Kambove, kutoka Kakanda, kiloko kiloko, mumoja mumoja. Lakini bakifungua tu kinywa, bale batoto ba chama batasikia. Minye nitafanya je?"

Alisema hivyo na macho makavu. Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu wa kina mama wa rozari. Alikuwa mjane mwenye mwili na sauti ya kujaza kanisa, akiuza samaki wakavu karibu na lango la kambi. Kijana wake wa pili alikuwa mmoja wa wale vijana wa chama, jambo ambalo hakulisema wala hakulikana. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akifukuza nzi.

"Ni bale banabatizaka mu mutoni?"

"Njo bo," nikaitikia.

"Banasemaka shiye tunaabudu masanamu."

"Banasemaka," nikakubali. Nisingemdanganya.

Akageuza samaki mmoja, akamgeuza tena.

"Mama mumoja alikufa mu kambi yetu, na hakuna muntu anamulilia," akasema. "Ile ni haya yetu shiye wote." Akasimama, akafunga kitenge vizuri. "Shiye tutalia inje. Beye basali mu nyumba, baimbe ku kaburi, kilio yetu itabafunika."

"Na padri?"

"Padri alikatazaka kulia?"

Basi tukalia. Na ikiwa kuna kitu kina mama wa Shituru tulikijua, ni kulia. Mkubwa wetu alitupanga kwa zamu kama waume zetu kiwandani: zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, ili sauti isikatike hata mara moja. Aliyelegea alipigwa kiwiko. Watu wa kanisa la jirani yangu waliingia mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, wakapotelea ndani, na sisi uwanjani mwao tukapandisha sauti. Nilikaa makusudi karibu na dirisha ili nisikie wanavyosali. Sikusikia hata neno, kwa sababu ya kelele zangu mwenyewe. Nilijicheka moyoni huku machozi yakinitoka, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Nilikuwa namlilia yule mama na ulimi wake.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulilia kupita kiasi. Watu walianza kutoka mitaa ya mbali, na kuni na unga kichwani, wakiuliza ni mkubwa gani amefariki. Wanawake wa kambi nyingine waliposikia vile, waliona aibu kulia kwa sauti ndogo kuliko zetu, wakaongeza zao. Habari ikafika ofisi ya kambi kwamba kule kuna msiba mzito sana. Na kesho yake, tuliokuwa tukingoja lori la kawaida la kampuni tukaona lori kubwa, limeoshwa, na juu yake vijana wa chama wamevaa sare zao safi. Wametumwa kulibeba jeneza kwa heshima.

Mkubwa wetu alimwona mwanawe amesimama wa kwanza, karibu na mlango wa lori. Akanigeukia. Sauti ilikuwa imemkauka, alinong'ona tu.

"Tulilia mpaka tulibaita," akasema.

Tukapanda. Nani angekataa heshima ya chama? Jirani yangu alikaa kando ya jeneza, na mumewe, na watu wao saba hivi, wakulima wenye mikono migumu, wanaoangalia sakafu ya lori. Vijana walikaa kuwazunguka. Mmoja alikuwa akitafuna mua. Sikuweza kuacha kumtazama, nikijiuliza kama naye alikwenda na jembe njia ya Kambove. Uso wake ulikuwa uso wa kijana yeyote wa Shituru.

Makaburini vijana walishika kamba wenyewe, wawili upande huu, wawili upande ule. Jeneza likawa linaning'inia juu ya shimo. Hii ndiyo ilikuwa saa ya wimbo, ya mara moja tu, na isingerudi. Mkubwa wetu akatupa ishara. Tukafungua vinywa, na kilichotoka ni mkwaruzo kama wa mlango uliooza bawaba. Sauti za zamu zote tatu zilikuwa zimekwisha. Tulijaribu tena. Kijana aliyekuwa akitafuna mua akacheka.

Watu wa jirani yangu walimtazama mumewe, naye akatazama marungu ya vijana yaliyobaki juu ya lori. Hakuna aliyeimba. Vijana wakaanza kulegeza kamba, jeneza likashuka kidogo. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yetu wenyewe, wenye sauti kubwa tulioimaliza bure.

Ndipo jirani yangu akapiga ukelele.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule, nami nimehudhuria misiba mingi. Alijitupa chini, akajiviringisha katika udongo mwekundu, kitambaa kikamtoka kichwani na kovu lake likaonekana, akamwita mama yake kwa majina yote mtoto anayoweza kumwita mama. Na wale vijana, pamoja na marungu yao na sare zao, walikuwa watoto waliolelewa na misiba kama sisi. Wasiokuwa na kamba walivua kofia wakakimbia kumshika asianguke shimoni. Walimshika kwa upole, wakimwambia, "Pole, mama, pole, mama, jikaze." Nikatazama upande wa pili wa kaburi. Midomo ya watu wake ilikuwa inacheza.

Nilisogea. Safari hii niliusikia, vipande tu, kati ya pumzi yake moja na nyingine: sauti nzito za wanaume, chini sana, neno moja la Kisanga likirudi tena na tena. Kijana wa mkubwa wetu alikuwa ameshika kamba, hatua mbili kutoka kwao. Alisikia. Nitaapa kwamba alisikia, maana alinyanyua kichwa na kumtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye, bila sauti, bila hata kutingisha kichwa. Kijana akaangalia tena kamba yake. Akaishusha polepole, polepole kuliko wenzake, hata wakamgombeza kwamba anachelewesha. Jeneza lilipogusa chini, midomo ilikuwa imenyamaza, na jirani yangu alikuwa bado analia.

Aliendelea kulia ndani ya lori. Aliendelea nyumbani, siku ya pili na ya tatu, hadi watu wake wenyewe wakaanza kunong'ona kwamba amegeuka mtu wa dunia.

Haikupita muda mrefu mume wake akafukuzwa kazi kwa kutovaa ile beji, na aliyefukuzwa kazi hupoteza nyumba. Walikuwa wanahamia shambani kwa ndugu, upande wa Kakanda. Asubuhi ya kuondoka nilivuka kumsaidia kufunga masufuria. Nilijua si adabu kuuliza, lakini nilijua pia kwamba nisipouliza leo nitakufa na swali hilo.

"Mama," nikamwambia, "siku ile ku makaburi. Ulilia juu ya kufunika wimbo, ao ulilia kweri?"

Alikaza fundo la kamba kwa meno, akalijaribu kwa mkono.

"Nilianza juu ya wimbo," akasema. "Kisha nilishindwa kuacha."